Mahamri Matatu Kabla ya Sindano

Kila alfajiri nyumba ya Bi Mwanatatu, huko Bofu, Likoni, ilinukia iliki. Bibi alikaanga mahamri, na mjukuu wake Lamis, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyapanga kwenye sinia na kuwapakulia majirani mbaazi za nazi kabla ya kuvaa sare za shule. Mkono mmoja ulipakua, wa pili ulionja, na bibi alijifanya haoni.

Jumatano moja Lamis alikatazwa kuonja. Mwezi uliotangulia, baba yake, Rama, fundi wa majokofu, alibanwa na kifua akipanda mteremko wa feri, akaketi chini mbele za watu. Majirani walistaajabu, maana Rama ni mwembamba kama ufito. Vipimo vilionyesha kwamba kolesteroli, yaani mafuta fulani ya damuni, ilikuwa imezidi, na mishipa ya moyo wake imeanza kuwa migumu. Kwa kuwa tatizo hilo huweza kurithiwa, Daktari Kuluthum aliagiza Lamis naye apimwe. Asile kitu tangu usiku, anywe maji tu.

Lamis aliliona jambo dogo. Ramadhani iliyopita alifunga mwezi mzima, mtaa ukamsifu. Lakini bibi alipoingia ndani kutafuta sukari, mahamri ya kwanza yalikuwa yametoka karaini. Hii si swaumu, Lamis alijiambia, ni sindano tu. Akala moja, akala la pili, la tatu akalichovya kwenye mbaazi, kisha akajipangusa midomo kwa upindo wa leso.

Kliniki, daktari alimuuliza kama amefunga.

"Nimefunga," alijibu Lamis. "Wallahi."

Baba yake alitabasamu, akamwambia daktari kwamba bintiye akishanuia kufunga hafungui. Lamis akainamisha kichwa.

Majibu yalitoka Ijumaa. Mafuta ya damu yake yalikuwa yamepanda sana, na daktari akasema huenda hali yake ni nzito kuliko ya babake, hivyo warudi Jumatatu wazungumze habari ya dawa. Siku mbili nyumba haikunukia iliki. Bibi hakukanda unga, akisema pengine ni mkono wake uliowadhuru. Lamis alijua la kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito, na kila saa iliyopita iliuzidishia uzito.

Jumapili alasiri baba alimwita barazani.

"Lamis."

"Abee, baba."

"Nisamehe, mwanangu. Damu niliyokupa ndiyo iliyokuponza."

Lamis alitamani ardhi ipasuke immeze. Hajapata kuombwa msamaha na mzazi, na leo anaombwa huku kosa ni lake. Machozi yakamtoka. Baba akadhani anaogopa maradhi, akamfuta kwa mkono wa kanzu yake, na upole ule ukamchoma kuliko fimbo.

"Nilikula, baba," alisema. "Mahamri matatu. Kisha nikaapa uongo."

Rama aliurudisha mkono wake mapajani.

"Siku mbili sijalala," alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu maradhi yako anihamishie mimi."

Hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia tu kwamba kesho Lamis mwenyewe atamweleza daktari, kwa kinywa chake.

Lamis alikwenda akiwa amefunga kwelikweli. Alieleza yote macho yakiwa kwenye ndala zake. Daktari alimsikiliza, akatoa damu upya. Waliporudi kuchukua majibu, mafuta yaletwayo na chakula cha muda huo yalikuwa yameshuka, ila kolesteroli ilibaki juu kidogo. Urithi wa baba ulikuwepo.

Lamis akauliza kama moyo wake nao utabanwa.

Daktari alimweleza kwamba ini lina milango midogo ya kuiondoa kolesteroli damuni, na maagizo ya kuitengeneza milango hiyo yamo katika jeni, ambazo mtoto huzipata kwa wazazi. Kwa baadhi ya watu maagizo yana kasoro, na milango huwa michache. Kolesteroli inayobaki hujipenyeza katika kuta za mishipa, ikaganda miaka kwa miaka kama ukoko mweupe ndani ya birika la maji ya kisima. Lakini kazi ya jeni nayo hupandishwa na kushushwa. Mtu akizidisha mafuta mazito, ini huilegeza kazi ile, milango ikapungua zaidi. Akila kwa kiasi, ini hupata nafuu.

"Mishipa yako bado ni laini, tumewahi," alisema. "Utapunguza vya kukaanga, utatembea, na tutakupima tena. Ila ushike hili, Lamis: daktari hutibu kile anachoambiwa na kile anachopima. Ukimdanganya, humpotezi yeye, unapotea wewe na wanaokupenda. Ningeweza kukuandikia dawa kwa ajili ya mahamri."

Walipotoka, Rama alimshika bintiye bega.

"Hata hivyo, kasoro hii umeipata kwangu," alisema. "Nisamehe."

Lamis alitikisa kichwa.

"Usiniombe tena msamaha, baba. Wewe ulinipa usilolijua. Mimi langu nililijua."

Rama alimshika mkono, wakapita kituo cha magari bila kusimama, wakaenda nyumbani kwa miguu.