Chapa Pajani mwa Farasi

Kila asubuhi Esteria alikata majani ya ng'ombe kando ya matuta ya kabichi, nyuma ya nyumba yao katika kijiji kimoja karibu na Lushoto. Jumamosi hiyo mundu ulimponyoka. Farasi wa kahawia alikuwa amelala kiubavu katikati ya kabichi, akihema, miguu imejaa tope.

Kijijini hapo farasi si mnyama wa kila siku, kwa hiyo majirani walifurika. Esteria, wa darasa la sita, alichuchumaa upande wa mgongo wa mnyama. Pajani aliona makovu yasiyoota manyoya, yamepangika kama maandishi. Akayanakili kwenye karatasi: tisa, na chini yake M.

"Hiyo ni chapa," alisema Mzee Danieli, mwenyekiti wa kitongoji. "Wafugaji huwachoma wanyama wao kwa chuma cha moto ili wajulikane. Lakini hii ina maana gani?"

Mmoja alisema ni umri wa farasi. Mwingine akasema M ni Mchungaji. Wakabishana mpaka Esteria akapaza sauti.

"Ni kijiji cha Magoma! Farasi wa tisa wa Magoma." Alisema kama mtu anayejua, kumbe alikuwa anakisia.

"Umeona faida ya kusoma!" Mzee Danieli alifurahi. Papo hapo akampigia simu Mzee Anord, mfugaji wa Magoma aliyewahi kupotelewa na farasi. Anord akasema analeta lori.

Raheli, mama yake Esteria, aliinama akamchunguza mnyama. "Chuchu zinadondosha maziwa," alisema. "Huyu ana mtoto mchanga mahali fulani. Tukimpeleka kusiko kwake, mtoto atakufa njaa." Naye akampigia simu afisa mifugo.

Farasi alipewa maji. Alikunywa ndoo nzima, akajikusanya, akasimama. Esteria akatazama paja. Sasa palikuwa na W, na chini yake sita!

Alitazama karatasi, akatazama paja, akarudia karatasi. Tisa imekwenda wapi? Akafuta tope kwa kiganja; W ilibaki W. Akazunguka upande wa pili. Huko hapakuwa na alama yoyote. Akisema, watamcheka mbele ya mwenyekiti aliyemsifu. Akinyamaza, lori litafika. Farasi akainua kichwa, akalia kwa sauti ndefu kuelekea mlimani.

Afisa mifugo, Bi. Janeth, alipofika kwa pikipiki, Esteria alimkimbilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakimbia hivyo?"

"Nimewadanganya watu. Nilisema ni Magoma na sikuwa na uhakika. Tena chapa imebadilika, sielewi!"

Bi. Janeth hakucheka. "Ulipoisoma, farasi alikuwa amelala nawe uko upande wa mgongo wake?"

"Ndiyo."

"Basi uliisoma kichwa chini, miguu juu. W ikaonekana M, sita ikaonekana tisa. Chapa husomwa mnyama akiwa amesimama. Na kila mfugaji huchagua yake, kwa hiyo haikisiwi, anaulizwa anayeijua. Hii naijua. W ni Wema, mwenye shamba kule juu. Sita ni namba ya farasi huyu."

Mzee Danieli aliguna, akatoa simu kumzuia Anord.

Walimfunga farasi kamba, wakapanda naye mlima taratibu. Kabla hawajafika langoni, sauti nyembamba iliita kutoka zizini. Farasi akavuta kamba mpaka ikamponyoka Bi. Janeth. Mtoto mwenye miguu kama vijiti akajitupa chini ya tumbo la mama yake, akanyonya kwa pupa, mkia ukichezacheza. Bi. Wema alijifuta machozi kwa khanga.

Bi. Janeth akamgeukia Esteria. "Kukosea kusoma si aibu, hata mimi hukosea. Ubaya ni kusema unajua wakati hujui. Leo umesema 'sielewi' kabla lori halijafika, na mtoto huyu amenyonya. Usilionee haya neno hilo, mwanangu."