Filamu Iliyobaki Ndani ya Kamera ya Bujiku

Bibi yangu Scolastika alikufa na akili zake zote, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia bibi alichanganyikiwa. Haya aliyaona mwenyewe, Shinyanga, mwaka 1954, na yalimpata kaka yake wa tumbo moja, Ignas.

Siku ilianza kawaida kabisa. Kiangazi, vumbi, malori ya pamba yanapita. Ignas alikuwa mpiga picha, na hakuwa mbaya. Tatizo lake lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake: Bujiku, mpiga picha mwenzake. Watu walipita mlangoni kwa Ignas wamevaa nguo za harusi, wakaenda kujipanga kwa Bujiku. Hata Ignas akipiga picha ikatoka safi, mtu anaigeuzageuza na kusema, "Eee, hii ni ya Bujiku hii." Kama umewahi kukaa na vyeti vyako kabatini huku jirani anaitwa kazini bila hata interview, unajua hiyo kitu inavyokula ini. Please, tusidanganyane.

Kisha Bujiku akafa kwa homa. Ignas alilia msibani. Bibi alisema alilia vizuri mno.

Matanga hayajaanuliwa, Ignas akamchukua dada yake wakaenda kwa Klara, mjane wa Bujiku, aliyezaa naye mtoto mmoja, Mbuke. Mgodi wa Wazungu kule Geita ulikuwa unatafuta mtu wa kupiga picha za mawe ya dhahabu, kwa karibu sana, hadi uione chembe. Kazi ya kudumu, na nyumba juu. Ignas hakuwa na lenzi ya kusogea kiasi hicho. Bujiku alikuwa nayo.

"Shemeji, chukua hii," Klara akasogeza kamera moja inayong'aa, haina hata mkwaruzo.

Ignas akaifungua mgongo, akaelekeza lenzi juani, akachungulia. Ukungu ulikuwa umetambaa pembeni ya kioo kama utando wa buibui. Akafyatua, shata, kile kifuniko cha kupitisha mwanga, ikasita, ndipo ikafunga. "Mama Mbuke, mbona unaniuzia maiti?"

Klara hakucheka.

Ignas akanyoosha mkono kwenye ile ya pili. Kuukuu, ya macho mawili, ile unayoiinamia na kutazama kioo kwa juu. Ngozi yake ilichubuka pale vidole vya Bujiku vilipozoea kukaa. Mbele ilifungwa kilenzi cha kupigia vitu vya karibu. Kioo cheupe pee. Shata ilikata kama mkasi.

"Hiyo ina filamu yake bado," Klara akasema kwa sauti ya chini. "Hakuimaliza. Kama lazima uende nayo, ifungue hapahapa, mwanga uiue. Ndipo uibebe."

Mtu mwenye akili angefungua. Ignas akasema filamu ni adimu, ni dhambi kuichoma. Uongo mtupu! Alitaka kuona Bujiku alimaliza na nini, alisogea kiasi gani, alikinga mwanga wapi. Mtu kafa, na wewe bado unataka kuiba homework yake.

Klara alifunga mlango kabla hawajamaliza kuaga.

Wakafika Geita. Mzungu akaweka mawe mezani, Ignas akainama juu ya kioo, akapiga mpaka ile filamu ya Bujiku ikaisha. Picha zilitakiwa kesho yake asubuhi. Wakakodi chumba cha udongo, wakaziba dirisha, wakatundika blanketi mlangoni. Ilikuwa mchana wa jua kali. Bibi alikaa nje, ameshika pindo la blanketi, mtu asije akalifunua.

Aliisikia filamu ikichovywa kwenye dawa. Aliisikia ikisuuzwa. Kiberiti kikawaka, halafu taa.

"Skola." Kaka yake alinong'ona. "Haya si mawe."

"Ni nini?"

"Ngozi."

"Ya ng'ombe?"

"Ina vinyweleo. Ina jasho. Ni ya mtu."

Filamu ikavutwa, tone likadondoka.

"Hapa ni mdomo. Hapa kope, zimefumbwa." Filamu ikavutwa tena. "Hii ya mwisho, zimefumbuka."

"Ignas, toka."

"Mboni nyeupe, Skola. Kwenye filamu cheusi huwa cheupe. Nyeupe kama maziwa. Ndani yake kuna mtu. Ameinamia kamera."

"Nani?"

Taa ikasogezwa karibu.

"Mimi."

Halafu sauti nyingine, nzito, ikasema polepole, "Wabeja." Hiyo ni asante, kwa Kisukuma. Na mle ndani aliingia mtu mmoja tu.

Taa ikazimika. Ignas akatoka akijifuta mikono, ametulia. Hakumtazama dada yake.

Asubuhi Mzungu alizipokea picha. Bibi alichungulia. Mawe. Mawe matupu, mazuri ajabu, dhahabu imekaa kama punje za uwele.

"Splendid," Mzungu akasema. "What's your name?"

"Bujiku."

Kazi akaipata. Kwa jina hilo.

Waliporudi Shinyanga kuchukua vitu, Ignas alishuka kwenye lori akaupita mlango wake. Bibi akamwita. Akamwita tena, kwa nguvu. Hakugeuka. Uso ulikuwa wa kaka yake. Mwendo haukuwa wake. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Klara, na Klara alikuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyekuwa akingoja.

"Umechelewa, Baba Mbuke," akasema. "Chakula kimepoa."

Akaingia. Mpaka anazeeka, hakuitika tena jina la Ignas.

Kesho yake mchana Bibi alikwenda makaburini. Kaburi la Bujiku lilikuwa zima, halijaguswa na jembe. Upande wa kichwa palikuwa na vishimo vitatu, vimekaa pembetatu, kama vya stendi ya kamera. Bibi akainama, akavipapasa. Udongo wa kingo zake ulikuwa mbichi, umefura kuelekea juu. Ulisukumwa kutoka chini, kana kwamba aliyesimamisha stendi hiyo alikuwa ndani ya kaburi.