Neno la Herufi Tisa

Jumamosi hiyo soko la Preston lilifurika. Foleni ya mikate ya jibini ilifika hadi kwa wauza samaki, na kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, mezani kwa Tamsin Rourke. Alivaa sweta la rangi ya haradali na skafu ya kijani, nywele amezibana juu kwa penseli.

"Dada, kuna mtu hapa?"

Aliyeuliza alikuwa na shati la buluu, mikono ameikunja, gazeti kwapani.

"Kaa tu. Ila usinimwagie makombo."

Aliitwa Stathis Lekkas, fundi wa miwani barabara ya High. Alifunua ukurasa wa mafumbo, kwenye mraba wa herufi tisa. Msomaji hutafuta maneno yote ya Kiingereza yanayopatikana humo, na moja hutumia herufi zote tisa. Stathis alikuna kichwa.

"Anayetunga hii kitu," alisema, "nakwambia ni mzee mstaafu, ana mba, na mkewe alimkimbia."

Tamsin alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Mtungaji alikuwa yeye. Kwa miaka sita alikuwa akiutunga mraba ule nyumbani kwake Thornbury, na gazetini hakukuwa na jina lake. Angeweza kusema palepale. Lakini utani ulikuwa mtamu, na mwanamume alikuwa na macho mazuri. Akanyamaza.

Baada ya wiki mbili walikuwa wapenzi. Kila asubuhi simu ililia.

"Umeamka, malkia?"

"Nimeamka. Una maneno mangapi leo?"

"Kumi na nane."

"Kumi na nane tu? Na miwani yote hiyo dukani?"

"Usinicheke bwana. Wewe je?"

"Kumi na tano," alijibu Tamsin, orodha nzima ikiwa mbele yake.

Kuhusu kazi, alimwambia kwamba husahihisha maandishi ya watu. Haukuwa uongo mtupu, na kwa sababu hiyo ulimtoka kwa urahisi.

Mwezi wa nne, Stathis alimpeleka kwa mama yake, Evdokia, katika nyumba ya wazee huko Northcote. Bibi huyo alitoka Ugiriki bila neno hata moja la Kiingereza, akajifunza kwa mraba wa gazeti hilohilo, enzi za watungaji waliotangulia, kamusi magotini. Maneno mafupi aliyapata. Lile refu hakuwahi kulipata hata siku moja.

Kisha Jumapili moja ya Agosti akalipata. Stathis alikuwa bado nje anatafuta mahali pa kuegesha gari, na Tamsin amekaa kando ya kitanda. Dandelion. Lile jani la mwituni, lenye ua la njano, ambalo bibi alilichuma kando ya kijito miaka arobaini, akalichemsha na kulikamulia ndimu. Alilitamka kwa sauti hadi nesi akaja mbio. Stathis alipoingia na kusikia, alilia. Evdokia alijisifu kwa kila aliyepita mlangoni, siku kumi nzima. Siku ya kumi na moja alifariki usingizini.

Wiki mbili baada ya mazishi, Stathis alikuwa jikoni kwa Tamsin, naye Tamsin uani anaanika nguo. Simu ikalia.

"Nipokelee, mpenzi, mikono imelowa."

Sauti ya mwanamke ilikuwa na haraka. "Napiga kutoka gazetini. Mwambie Tamsin mraba wake wa Alhamisi una herufi iliyokosewa. Aurekebishe kabla ya saa tisa."

Stathis alipotoka kwenda uani, alikuwa bado ameishika ile simu.

"Mraba wako," alisema.

Tamsin alibaki na shuka mkononi.

"Miezi minane, Tamsin. Nakupigia kila asubuhi, wewe unajifanya unatafuta."

"Nilitaka kukwambia. Siku ikapita, ikapita nyingine..."

"Nilikuwa nakushinda, kumbe unanilisha kama kifaranga."

"Nisikilize kwanza."

"Na Mama?" Sauti yake ilishuka. "Mlikuwa wawili tu chumbani. Ulimnong'oneza lile neno."

"Hapana. Haki ya Mungu, hapana."

"Nitajuaje?"

Stathis alichukua koti lake akaondoka kwa mlango wa nyuma, na shuka likabaki likiburuzika kwenye majani.

Tamsin alimpigia mara tatu. Hakupokea. Wiki ya tatu akamvizia jioni, anapofunga duka, mvua ikinyunya. Stathis alikuwa na shati jeusi na ndevu za matanga. Walisimama kwenye kituo cha tramu, ile treni ya barabarani, hatua mbili kati yao.

"Sema ulilokuja nalo," alisema.

"Sikumnong'oneza. Alilipata mwenyewe. Lakini neno nililichagua mimi, kwa ajili yake. Alikuwa amenisimulia habari za yale majani. Nikaona labda hilo ataliona."

"Hilo la pili nisingelijua kamwe. Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu usingelijua."

Tramu ilikuwa inakuja, taa zake zimelowa.

"Nakuamini," alisema hatimaye. "Ila nimelazimika kufikiria kwanza. Zamani, ukiniambia kitu, nilikuwa sifikirii."

Tamsin alifuta uso kwa skafu. Haikuwa mvua peke yake.

"Siwezi kupiga simu asubuhi tena, Tamsin. Nimejaribu. Nashika simu, naiweka."

"Naelewa."

Milango ikafunguka. Stathis alipanda ngazi moja, kisha akageuka.

"Jumapili ni arobaini ya Mama. Kanisani, saa tatu. Njoo. Usije kwa ajili yangu. Njoo kwa sababu alikupenda."

"Nitakuja."

Aliitikia kwa kichwa, milango ikajifunga, na Tamsin akaanza kutembea kwenda nyumbani kwa miguu.