Mkono wa Kitinda

Brashi ndogo ya Fundi ilikuwa imelowa. Aliigusa ncha, kidole kikatoka chekundu, naye kopo la rangi nyekundu alikuwa hajalifungua tangu wiki iliyopita. Kisha akakiona kibanio cha kalamu, kile kipande cha chuma kinachoishikilia mfukoni. Jana alikiacha kitupu juu ya kijiti chake. Sasa kilizungukwa na mzabibu mwekundu, mwembamba kama unywele, wenye majani, na majani yenye mishipa, na mishipa yenye vivuli.

Chumba kilinuka shaba iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho.

"Dada!" Mdogo wake aliingia nyuma yake, mkoba bado begani. "Mungu wangu! Hii umeifanya lini?"

Hapo ndipo Fundi angesema kweli.

"Jana," akajibu. "Ulipoondoka."

Kwa miaka kumi na minane, aliyetaka kalamu yake ipendezeshwe alikwenda kwa Fundi. Aliifungua vipande vipande, akasugua chuma kwa msasa laini ili rangi ishike, akapaka plastiki kwa tahadhari maana tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ikizidi kidogo tu huilainisha kama sabuni, akaweka tabaka juu ya tabaka na kumalizia kwa vanishi. Mdogo wake, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, alikuja kumsaidia kuosha brashi. Mwaka wa kwanza aliosha. Mwaka wa pili alipaka. Mwaka wa tatu daktari wa meno, mteja wa Fundi tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, alisimama mlangoni, akamtazama Fundi usoni, akauliza, "Mdogo wako yupo?"

Fundi alicheka siku hiyo. Alicheka mpaka mashavu yakamuuma. Jioni, akifunga makopo peke yake, alimwona tena Kitinda akilini mwake, akivuta mstari huku anapiga soga, wala hashiki pumzi, mkono umetulia tuli. Akasema kwa sauti, "Mkono ule ungekuwa wangu! Yeyote anayesikia, anipe."

Na kuna aliyesikia.

Tangu asubuhi ile ya mzabibu, kila mchana jua linaposimama utosini na barabara kunyamaza, Fundi alikwenda uani kunawa, akarudi akakuta kazi imekwisha. Vifuniko vilijaa ndege. Pete za chuma, nyembamba kama ukucha wa mtoto, zilizungukwa na nyuki waliohesabika miguu. Wateja waliingia midomo wazi. Daktari wa meno alileta kalamu kumi na mbili za kuwapa wenzake kama zawadi ya kuagana, akasema, "Hizi nataka uzipake wewe, Fundi. Wewe mwenyewe." Fundi aliyala maneno hayo kama mtu aliyeshinda njaa.

Kitinda naye akaanza kuharibu. Rangi yake iliteleza kwenye chuma kama maji kwenye jani. Plastiki ililainika na kupinda vidoleni mwake hata tina ikiwa mbali.

"Dada, mkono una ganzi," alinong'ona. "Unakuwa wa baridi. Hasa mchana."

"Umeulalia," Fundi akasema. "Kapumzike chumba cha pili."

Alipogeuka, aliona aibu kwa jinsi moyo wake ulivyokuwa mwepesi.

Siku ya tano hakwenda kunawa. Alijibanza nyuma ya pazia lililotenganisha vyumba viwili, akachungulia. Nyuma yake Kitinda alilala mkekani. Mbele yake meza ilikuwa wazi kabisa, jua likiingia dirishani, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila nzi. Kisha ile harufu ya shaba ikapanda, nzi akanyamaza, brashi ikainuka kutoka kwenye kikombe, na kilichoishika kilikuwa mkono, mkono wa kike uliokatika kwenye kiwiko pasipo damu wala mfupa, kama mchoro ambao mchoraji ameuacha njiani, nao ukaichovya brashi, ukaikung'uta mara mbili ukingoni, ukaanza kuvuta mstari taratibu, na kwenye kidole gumba Fundi akaliona kovu la pasi, kovu la Kitinda alilolipata akiwa na miaka saba, siku ambayo Fundi mwenyewe alimbeba akilia mpaka akalala.

Mkono ukasimama. Kutoka mahali ambapo pangekuwa na uso, kitu kikasema kwa upole:

"Nimekuletea mkono. Bado jicho."

Fundi alitoka mbio hadi barabarani, akashika ukuta. Angekwenda kutafuta msaada saa ile ile. Lakini kalamu za daktari zilikuwa zimebaki tatu, na hili ndilo alilolijutia kuliko yote: alingoja siku moja zaidi, mpaka zikakamilika.

Asubuhi ya pili Kitinda alikuwa amekaa mezani na makopo mawili mbele yake, akiyasogeza machoni na kuyarudisha.

"Dada," akasema polepole, kama asiyetaka kujisikia. "Lipi jekundu?"

Mtaa wa nyuma kulikuwa na mshonaji, mama mnene mwenye sindano zimechomekwa kwenye kola, ambaye kazi yake nyingine haikuandikwa kwenye kibao. Alimsikiliza Fundi huku anakanyaga cherehani.

"Nilete nini?" Fundi aliuliza. "Mbuzi? Kuku?"

"Mbuzi kakukosea nini?" Cherehani ikasimama. "Sikiliza, mwanangu. Jini huyo hakuja kwa mdogo wako. Amekuja kwako, na wewe unampikia kila siku. Aliingia kwa maneno yako, atatoka kwa maneno yako. Nenda kamwambie ndugu yako ulichomtakia. Chote, bila kukipaka rangi. Na umwambie huyo jini akiwepo."

"Hakuna dawa nyingine?"

"Kama ipo, mimi siijui."

Adhuhuri hiyo Fundi alimketisha Kitinda mezani, akamshika ule mkono wa baridi. Harufu ikapanda. Brashi zikaanza kugongana vikombeni kama meno.

"Dada, nini hicho?"

"Usiangalie. Nisikilize mimi."

"Usimwambie," ilisema sauti nyuma ya Kitinda, na ilikuwa sauti ya Fundi, na kikohozi chake kidogo cha vanishi. "Kesho watakuulizia wewe tu."

Kitinda akafumba macho. "Dada, mbona unasema huku na huku?"

Na Fundi, huku vifuniko vikidondoka kimoja kimoja kutoka vijitini na vivuli vya ndege vikiruka ukutani bila ndege wenyewe, akasema kwamba alimwonea wivu, kwamba alipoulizwa "mdogo wako yupo" alitamani mkono wa mdogo wake uwe wake, akaomba yeyote anayesikia ampe, kwamba mzabibu haukuwa wake wala ndege wala nyuki, kwamba aliuona mkono wa mdogo wake ukitumikishwa juu ya meza hii na akaficha, na baada ya kuambiwa kwamba jicho ndilo linalofuata, akangoja, kwa ajili ya kalamu tatu.

Kitu kikapiga kelele, sauti ya chuma kikikwaruza kioo. Rangi ya kalamu zote kumi na mbili ikabambuka kwa mpigo, ikaanguka mezani kama ngozi ya nyoka. Kisha nzi akasikika tena dirishani.

Mkono ndani ya kiganja cha Fundi ulikuwa unapata joto. Kitinda akautoa. Akaangalia makopo.

"Hili jekundu," akasema. Alikusanya brashi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akaondoka.

Miezi ilipita. Kitinda alifungua chumba chake mtaa wa tatu, na siku moja Fundi alipita hapo akawaona watu wamejipanga hadi nje, daktari wa meno akiwa wa pili. Akajikuta anawahesabu. Nyuma yake, kwenye barabara tupu, hatua zikaanza kumfuata, moja kwa kila moja yake.

Hakugeuka. Aliwapita watu wote, akaingia mpaka mezani.

"Leo nimekuonea wivu," akasema, mbele ya kila mtu.

Kitinda aliinua uso. Walikuwa hawajaongea tangu siku ile.

"Sana?"

"Sana, mdogo wangu. Mpaka nasikia joto."

Kitinda akasogeza kiti kwa mguu. "Basi kaa. Nisaidie hivi vibanio, vimenielemea."

Fundi akakaa. Mlangoni kulikuwa na kivuli kimoja zaidi ya idadi ya watu, kikasimama pale hadi alipochukua msasa na kuanza kusugua. Kisha kikaondoka, polepole, kikichungulia dirisha la kila nyumba.