Kiti cha Kelestini

Maji yalionekana chini ya meza saa nane mchana, na kila mtu akadhani ndoo imemwagika.

Ilikuwa Oktoba 1996, mkutano wa tatu wa wapenzi wa riwaya za upelelezi, katika ukumbi wa kupanga pale Mlabani, mjini Ifakara. Watu kumi na tisa walikuja, wengine kwa treni, na vitabu vyao vilivyochakaa mikononi. Asubuhi walibishana kuhusu wauaji wa vitabuni. Baada ya chakula ukafika mchezo waliousubiri mwaka mzima: mmoja alale awe maiti, wengine wachunguze, waseme nani kaua.

Maiti wa mwaka huo alikuwa Digna, binti wa mwenyekiti, Mzee Barnaba, karani mstaafu wa mahakama. Baba yake alimpaka nyanya ya kopo kifuani, akamlaza mezani, akamfunika kitenge.

"Ukicheka umeharibu," akamwambia.

"Sicheki, baba."

Hakusema tena kwa sauti yake mwenyewe.

Mwalimu Balbina wa Mahenge, mchunguzi hodari kuliko wote, alifunua kitenge, akapiga mluzi.

"Jamani, mwaka huu mmejipita! Damu hii ya kisu ni ya kutupotosha tu. Tazameni nyayo zake zilivyojikunja. Huyu amekaa majini."

Kweli, ukumbi ulianza kunuka tope na samaki. Barnaba alimtazama Evarist, katibu wake, akidhani ndiye aliyeongeza dalili hizo kwa siri. Evarist naye alikuwa anamtazama yeye, akidhani hivyo hivyo.

"Mikono ilifungwa kamba," Balbina aliendelea. "Na kucha zina mafuta ya mashine. Basi ni fundi. Alifungwa, akatupwa mtoni akiwa hai."

Watu wakapiga makofi. Barnaba hakupiga.

Miaka miwili nyuma, injini ya boti ya ushirika iliibwa katika kijiji cha Mofu, na Barnaba, aliyekuwa huko kwa wakwe zake, aliombwa asaidie kwa akili yake ya vitabuni. Alipima nyayo kwenye tope. Alikagua kucha za wanaume. Kisha akanyoosha kidole kwa Kelestini, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, mtu mpole asiye na mke wala ndugu. Kelestini alilia, akaeleza kuwa mafuta yale ni ya kazi yake. Wanakijiji walimfunga, wakamtupa katika mto Kilombero. Mwezi haujaisha, Barnaba akapata habari kwamba mlinzi wa ushirika ndiye aliyeuza injini ile. Akanyamaza, kwa sababu Mofu nzima ilikuwa bado inamsifu.

"Haya, nani kamuua?" Evarist aliuliza kwa furaha.

"Nani?" ikajibu sauti ya kiume kutoka kinywani mwa Digna.

Wachache walicheka, wakanyamaza, kwa sababu midomo ya msichana haikusogea, na macho yake yalikuwa wazi, meupe matupu, na maji yalikuwa yanamtoka masikioni na puani na kudondoka sakafuni bila kukoma, na mkono wake wa kushoto ukainuka polepole, ukashika kidole kidogo cha mkono wa kulia, ukakikunja nyuma, nyuma zaidi, hadi kikalia kama kijiti kikavu.

"Nani?"

"Mzee Barnaba," Balbina alinong'ona, "huyu ni nani?"

"Sijui. Sijui, mwalimu."

Kidole cha pili kikalia. Machozi yakamtiririka Digna, lakini uso haukukunjamana.

Scolastica, mama yake, alikuwa nyuma ya ukumbi akiosha masufuria ya wageni. Aliingia mbio, akaona mkono wa mwanawe, akamkamata mumewe shati. "Kama unajua neno, sema!"

Kidole cha tatu kikalia.

"Ni mimi!" Barnaba alipiga magoti kwenye maji. "Kelestini hakuiba. Nilimsingizia mimi, na nilipoujua ukweli nikaufunika. Ni mimi niliyemuua."

Mkono wa kushoto ukaachia. Kisha sauti ikauliza kwa upole, "Na huyu niliyemkalia ni nani wako?"

Barnaba alifumba mdomo. Lakini mama, kwa uchungu, alikwishajibu: "Ni binti yetu wa pekee! Tunakuomba umwachie!"

"Kumbe ni wake," ikasema sauti, ikacheka.

Walimleta mganga Alfonsi kutoka kijiji cha Mbingu. Alifukiza ubani siku tatu, akaongea na kile kilichokuwa ndani, akatoka amejiinamia.

"Ni jini la mto," akawaambia wazazi. "Kelestini alilirithi kwa bibi yake, naye Kelestini ndiye aliyekuwa kiti chake, mwili wake wa kukalia. Lilijua kiti chake kimeuawa, halikujua na nani. Linasema lilisikia hapa kuna watu hodari wa kutafuta wauaji, likaja kuuliza."

"Na sasa limejua," Barnaba alisema. "Mbona haliondoki?"

"Ulikivunja kiti chake, mzee. Limechukua cha kwako. Mimi hilo siliwezi."

Tangu hapo, kila adhuhuri, Digna alikaa mbele ya baba yake barazani, mikono mapajani, akamsalimu kwa sauti ya Kelestini.

"Shikamoo, mzee. Je, ni mimi niliyeiba?"

"Si wewe."

"Sema majirani wasikie."

"Si wewe! Ni mimi niliyekuua!"

Siku moja ya Desemba Barnaba alichoka, akakataa kujibu. Digna akainuka, akaenda kutumbukiza kichwa ndani ya pipa la maji, na wanaume watatu walimtoa kwa shida. Barnaba hakukosa kujibu tena. Hakusafiri, hakwenda hata misani ikiwa misa ingevuka saa sita.

Wiki ya Pasaka akaugua koo. Siku ya tatu aliamka hana sauti kabisa.

Adhuhuri Digna akaja, akakaa. "Shikamoo, mzee. Je, ni mimi niliyeiba?"

Barnaba alifungua kinywa. Mishipa ya shingo ilimtoka, midomo ikatamka yote, na pakasikika pumzi tu.

"Si wewe!" Scolastica alipiga kelele. "Si wewe, Kelestini, anasema si wewe!"

"Sikukuuliza wewe, mama."

Digna alimsubiri baba yake kwa adabu, kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaelekea kwenye pipa.