Mdhamini wa Fundi Vioo

Jumapili moja ya Machi, saa nne asubuhi, Nereida Quezada alishuka daraja la mpakani kuingia mji wa Juárez na kumwona mwanamke anayefanana naye kabisa akimjia. Gauni la njano, vitufe vyeupe, nywele zimebanwa kwa kibanio cha mfupa. Yule mwanamke alikuja na kuja, wala hakufika.

Kilikuwa kioo. Kioo kirefu kuliko mtu, kimefungwa kwa kamba mgongoni mwa mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu, aliyekuwa akipenya katikati ya wauza karanga za pilipili na watu waliotoka El Paso, ng'ambo ya mpaka, kuja kung'oa meno kwa bei nafuu. Anga lote la asubuhi lilikuwa mgongoni mwake, na ndani ya anga hilo alikuwamo Nereida.

Akaona midomo yake imepauka. Akatoa lipstiki kwenye mkoba, akaongeza mwendo, akaanza kujipaka huku anatembea.

"Mbona unacheka, bwana?" fundi alimwuliza muuza karanga.

"Mgongo wako umepata mchumba."

Fundi akasimama ghafla. Lipstiki ikagonga kioo, ikaacha alama nyekundu. Akageuka polepole, jinsi mtu aliyebeba dirisha zima anavyogeuka, na hapo akamwona.

"Dada, kioo hicho kina mwenyewe."

"Sijakichukua. Nimekiazima."

"Kinyozi wa mtaa wa Mina ananisubiri. Sasa nikimpelekea kimetumika?"

"Mwambie kimetumiwa na mrembo. Akuongezee."

"Nipe namba yako ya simu, basi."

"Ya nini?"

"Akilalamika alama, nimjue mshitakiwa."

Jina lake lilikuwa Eleuterio Montes, wote walimwita Tello. Alikuwa na miaka thelathini na minne, karakana ya vioo aliyoachiwa na baba yake, na nyumba ndogo ya ghorofa moja kilimani yenye paa la zege. Kutoka paa lile uliona mto, waya wa mpaka, na upande wa pili majengo ya El Paso. Katikati ya majengo hayo kulikuwa na lile la matofali mekundu, mtaa wa Segundo, ambako Nereida aliishi na shangazi yake Obdulia, akipika na kuuza tamale, unga wa mahindi wenye nyama unaofungwa kwa maganda.

Nereida alizaliwa upande ule, raia wa kule. Kuja Juárez kulimgharimu sarafu chache na kutembea kidogo. Kwa Tello, asiye na kibali, kwenda kule haikuwezekana. Maji ya mto ule hayafiki magotini, lakini wakubwa wamekaa kwenye viti vyao wakayafanya kuwa bahari.

Kwa hiyo wakapendana kwa mwanga. Saa kumi na moja jioni Tello alipanda paani na kipande cha kioo, akalishika jua la kuzama, akalirusha ng'ambo. Mara moja ilikuwa na maana nipo, mara mbili nimekukumbuka, mara tatu njoo Jumapili hata mvua inyeshe. Nereida hakuwa na kioo kikubwa. Alikuwa na mfuniko wa sufuria ya tamale, alioupiga steliwaya mpaka ukawaka. Akasimama kati ya shuka zilizoanikwa, akajibu.

"Leo umenimulika machoni, mpenzi," alimwambia kwenye simu. "Nimeona vidoa vya kijani mpaka wakati wa kula."

"Ndiyo dawa. Ukiona vidoa hivyo, hutawaona wanaume wengine."

"Na mwingine ukawaka kilimani kwenu, nikaujibu. Ule mwanga wa pili ulikuwa wa wapi?"

"Jirani anasafisha dirisha."

"Mwambie aache. Nimeshamwambia na yeye nampenda."

Septemba wakafunga ndoa kwa msajili, Juárez. Nereida alivaa gauni jeupe la kitani lenye mikono ya kudariziwa, Tello koti la baba yake lililombana mabega. Juma lilelile Nereida akapeleka ombi la kumvusha mumewe. Wakaambiwa wasubiri.

Karibu mwaka wakasubiri. Kila Jumapili Nereida alivuka na gauni zuri na kulipia chakula kabla Tello hajafika mfukoni. "Kaa kimya, mimi ndiye tajiri wa ng'ambo," alisema, na Tello alicheka, ingawa si sana.

Kisha Agosti barua ikaja kwamba ombi limekubaliwa. Nereida akaibeba kifuani mpaka kwa Bi Lucero, mama wa mtaani aliyekuwa akiwajazia watu fomu kwenye chumba kilichonusa wino na kahawa.

"Hongera, mwanangu. Sasa imebaki hati ya udhamini. Unaahidi serikali kwamba mume wako hatakuwa mzigo. Utamtunza."

"Nitamtunza. Kalamu iko wapi?"

"Ngoja. Ahadi hii haifi haraka. Inakufunga mpaka awe raia, au afanye kazi miaka kama kumi, au aondoke nchini moja kwa moja, au mmoja wenu afe. Mkiachana haiishi."

"Akiniacha nimtunze?"

"Akikosa cha kula, ndiyo. Hata akioa mwingine."

Nereida alicheka. Bi Lucero hakucheka. Alikuwa ameshafungua karatasi zake za kodi, anapitisha kidole.

"Nereida, hapa umeandika kipato cha nusu mtu."

Ni kosa la kila mpika tamale wa mtaa ule. Anayelipwa kwa noti zilizokunjwa, getini pa ofisi, huandika nusu, kisha hutoa gharama za unga, maganda, nyama na gesi, ili kodi iwe ndogo. Miaka saba Nereida alikuwa akijisifu kwa hesabu hiyo. Sasa ilimgeukia.

"Lakini mimi si maskini! Nalipa pango. Namlisha shangazi. Nina gauni kumi na nne!"

"Kwenye karatasi wewe ni maskini, mwanangu. Na wao husoma karatasi. Tafuta mdhamini mwenza, au fanya mwaka huu kazi ya kuonekana, uandike kila senti, urudi Aprili."

Kaka yake, aliyeombwa awe mdhamini mwenza, aliposikia maneno hata mkiachana, akarudisha fomu kama imemuunguza. Walioandika sheria hii hawajawahi kusimama mbele ya ndugu yao na kalamu mkononi. Wenye viwanda huficha mamilioni wakapewa asante, mpika tamale akificha nusu ya sufuria ananyimwa mume. Mke wangu mimi ninayesimulia alikufa anasubiri karatasi ya ofisi kama hizo, basi mniache niseme.

Nereida hakumwambia Tello. Angeanzaje? Tajiri wa ng'ambo, yule wa kulipia chakula, serikali imemwita fukara. Akaona afadhali aseme uongo mdogo.

"Barua haijaja, mpenzi."

Kisha akaanza kukosa Jumapili. Alipata kazi ya kukunja mashuka katika dobi ya hoteli, siku za wikendi, na tamale akapika alfajiri kabla hajaenda.

Oktoba, mama wa duka la vifaa vya shule alimchapia Tello barua pepe iliyokuwa imekaa wiki nyingi bila kufunguliwa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, ovaroli imejaa vumbi la kioo. Ombi lilikubaliwa tangu Agosti. Kilichosubiriwa ni hati ya udhamini kutoka kwa mke.

Akapiga simu palepale.

"Nereida. Barua imekuja?"

"Bado, mpenzi. Unajua wale watu—"

"Ninayo mkononi."

Upande wa pili mashine za dobi zilinguruma.

"Imebaki saini yako tu," Tello alisema. "Miezi miwili. Kuandika jina lako ni kazi ngumu kiasi hicho?"

"Si kama unavyofikiri."

"Nafikiria nini? Niambie wewe. Umeshasoma kwamba utanibeba hata tukiachana, ukaona fundi vioo ni mzito?"

"Tello, usiseme hivyo."

"Kama hunitaki ng'ambo, sema hunitaki. Mimi sikukuomba unilishe!"

"Na mimi sikukuomba unipigie kelele kazini!"

"Kazini? Jumapili? Umeniambia shangazi anaumwa!"

Simu ikakatika. Nereida ndiye aliyeikata, akabaki ameishika, shuka la hoteli limemwangukia miguuni.

Saa kumi na moja jioni ile, hakukuwa na mwanga kilimani. Wala kesho yake. Siku kumi na tisa Nereida alipanda paani na mfuniko wake, akaupeleka huku na huku juu ya mji wa Juárez, madirisha elfu yakamjibu, kioo cha Tello hakikujibu.

Siku ya ishirini Shangazi Obdulia alivaa sweta lake la zambarau, akachukua mkoba na kutangaza kwamba anavuka kurekebisha meno yake ya bandia. Meno hayakuwa na tatizo. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akaketi kwenye kreti bila kukaribishwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Sitaki shikamoo yako. We mwanaume, una vioo vingapi humu?"

"Kama mia."

"Mia! Na hujajiona ulivyo mpumbavu?"

Tello akaweka chini kikatio chake.

"Hataki kutia saini, shangazi."

"Hawezi! Karatasi zake zinamwita maskini. Aliandika nusu, kama mimi, kama mtaa mzima. Sasa anakunja mashuka ya watu asiowajua mpaka vidole vimepasuka, ili Aprili serikali imwone. Ana daftari, mwanangu. Anaandika kila tamale. Juzi nilikula moja jikoni kwangu mwenyewe akaniuliza, 'Shangazi, hiyo umenunua au umeila tu?'"

Tello akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nani amwambie mume wake kwamba yeye ni fukara kwa maandishi? Na wewe kila akilipa chakula unacheka kama mtu mwenye jipu. Ana aibu. Na wewe una kiburi. Mimi nina njaa. Nipe kitu nile, kisha nikatie kioo kidogo cha kutazamia meno, nisionekane nimesema uongo."

Alfajiri ya Jumapili, Nereida aliomba ruhusa kazini. Alikuwa amepigiwa simu fupi. "Njoo, mpenzi. Njoo na nguo yoyote." Akaja na ile ya kazini, ya bluu iliyofifia, harufu ya sabuni ya hoteli mikononi. Hakujipaka lipstiki. Walipanda paani. Jua lilikuwa limeshatoka, na ukuta mweupe wa tangi la maji ulikuwa umeelekea jua.

"Nipe mikono yako," Tello alisema.

Akaiangalia, vidole vilivyopasuka, akavibusu kimoja kimoja.

"Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyedanganya."

"Nilidhani nimekuwa bei ghali."

"Nilidhani utaniona nimekuwa rahisi." Akavuta pumzi. "Mimi ni maskini, Tello. Wamethibitisha."

"Nimesikia. Ningeiuza nyumba hii, nikaweka fedha mezani kwao. Bi Lucero amenieleza kwenye simu kwamba hata mali ya anayeombewa huhesabiwa."

"Thubutu! Na mimi nimulikiwe kutoka wapi?"

"Ndivyo nilivyojua utasema. Basi tusubiri Aprili. Lakini wewe unawekewa mzigo wa kunitunza, na mimi sijaandika kitu. Hiyo si haki. Kwa hiyo nimeandika."

Akabeba kioo kilichokuwa kimeegemezwa ngazini, akakisimamisha, mgongo wa kioo ukielekea jua. Nyuma ya kioo kuna rangi, na chini ya rangi kuna ile fedha nyembamba inayotushikia sura zetu. Tello alikuwa ameikwangua kwa msumari, herufi kwa herufi, kubwa kama kiganja. Jua likapita kwenye mikwaruzo, likavuka paa, likatua kwenye ukuta wa tangi, katikati ya kivuli cha kioo. Maneno ya mwanga, yenye kingo laini, yakasomeka:

NITAMTUNZA NEREIDA
HATA AKINIACHA

Nereida akasogea. Maneno yakampanda, NITAMTUNZA likamkalia begani, HATA likateremka kwenye mkono wa gauni la bluu. Akalishika kwa kiganja. Halikushikika.

"Mpaka lini?" aliuliza. "Yao ina mwisho. Miaka kumi ya kazi."

"Hapa chini nafasi iliniishia."

Akacheka akilia. Kisha akamwambia aweke kioo chini kabla hakijavunjika, amshike yeye.

Mwezi wa Aprili, Bi Lucero alipitisha kidole kwenye karatasi mpya, akakisimamisha, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Nereida amfahamu.

"Inatosha. Imezidi kidogo. Sasa nisikilize, ni lazima niulize. Unaelewa kwamba hata mkitalikiana, hata akiondoka na mwingine, ahadi hii inakufunga?"

"Naelewa, mama."

"Wengine hapa huweka kalamu chini."

"Kuna mtu alinitilia saini kwanza," Nereida alisema, akaandika jina lake lote, hata lile la ubatizo.

Novemba, mbele ya ofisa wa darajani, alisimama mwanamume mwenye koti linalombana mabega, bahasha ya viza iliyofungwa mkononi na kioo kirefu mgongoni. Alikataa kukiacha. Ofisa, kijana mwenye shingo nene, alikizunguka mara mbili.

"Hiki nacho?"

"Cha nyumbani."

"Nyuma kimekwaruzwa. Kimeharibika hiki."

"Hakijaharibika, bwana. Hiyo ni fomu yangu."

Ofisa hakuelewa, na hakuna aliyemlipa aelewe. Akagonga muhuri, akampungia mkono apite.

Tello akatembea kuelekea El Paso, amebeba mgongoni Juárez nzima, kilima, paa, na tangi jeupe la maji likizidi kuwa dogo. Nyuma yake, hatua tano, gauni la njano likaongeza mwendo.

"Usisimame ghafla," Nereida alisema, akitoa lipstiki. "Bado mdomo wa chini."