Udongo wa Nyuma ya Jiko

Kila Jumamosi Tadea na mama yake walipalilia miti yao ya milingoti kwenye mteremko wa Matiri. Miche ilikuwa na miaka miwili, lakini ilimfikia Tadea magotini tu, na majani ya chini yalikuwa ya rangi ya zambarau. Mara mbili mama alikuwa amepanda mingine badala ya iliyokufa.

Afisa misitu, Bwana Gaudence, aliwapa mfuko. "Chukueni udongo sehemu kumi, toka bondeni hadi juu. Tutapima fosforasi. Ikipungua, mizizi hudumaa."

Siku hiyo mgongo ulimuuma mama, akamtuma Tadea. Tadea alikuwa ametoka kuteka maji mara tatu. Aliutazama mlima, akazunguka nyuma ya jiko, akachota udongo wote kwenye ngoro za maharage, mashimo yenye kingo ambako nyasi zilizofukiwa zimeoza na udongo ni mweusi, laini.

"Ulifika juu?" mama aliuliza.

"Nilifika, mama."

Baada ya wiki tatu Bwana Gaudence alirudi na majibu ya maabara.

"Shikamoo, baba," Tadea alisalimu.

"Marahaba. Mama Tadea, fosforasi inatosha kabisa. Nadhani miti hii haipapendi hapa. Ing'oeni, mpande mahindi."

Mama alichukua jembe, akapanda mlima taratibu, mkono kiunoni, hadi kwenye mche wa kwanza, Tadea na Bwana Gaudence wakimfuata. Alipoinua jembe, Tadea alilishika mpini.

"Usiung'oe, mama. Udongo ule niliuchota kwenye ngoro."

"Ngoro zipi?"

"Za maharage."

Bwana Gaudence alijifuta jasho. "Kumbe maabara imepima mboga yenu."

Mama hakucheka. Siku hiyohiyo walipanda hadi juu wote watatu, wakachimba sehemu kumi, mama akipumzika kila sehemu. Majibu ya pili yalisema fosforasi ni kidogo mno. Waliweka mbolea ya fosforasi kwenye kila shina, na katika mvua zilizofuata miche ilitoa majani ya kijani, ikampita Tadea kiunoni.

Jioni moja, wakiwa wameketi kati ya miti, mama alisema, "Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nachoka. Siku nyingine niambie umechoka, tupumzike, kesho twende pamoja. Ila usiniambie umefika juu wakati hukufika. Nilikuamini, nikainua jembe."

"Nimekuelewa, mama," alisema Tadea, akauchukua mzigo wa nyasi ambao mama yake alikuwa ameutua kando.